Weka Chini, Simama, Salimia

Jumatatu, 3 Februari

Magunia sita ya kuangukia yamejaa. Kila mtoto wa darasa la sita kaja na mzigo wa majani makavu ya migomba kichwani, madarasa mengine wakawacheka, eti sita wanahama. Tumeshindilia mpaka gunia likagoma kukunjika. Ndivyo alivyotuelekeza mwalimu wa semina ya michezo kule mjini Moshi, zile siku tatu. Yeye alikuwa na picha za kumbi zenye sakafu ya mbao na magodoro ya bluu. Mimi nina uwanja unaoteremka kama paa, na mpira ukitoroka tunaufuata kwenye kahawa ya jirani.

Si neno. Sitafuti wakimbiaji. Nataka mtoto ajue kuwa mwenzake yupo pembeni yake, basi.

Leo kupita ndani ya tairi lililoning'inizwa, wanane wanane, bila kuligusa. Kelele nyingi. Haika, kiranja wao, anapanga watu kama mama mwenye nyumba. Glory kakaa kwenye jiwe, soksi kazivuta mpaka magotini. Anasema tumbo. Jumatatu tumbo, Alhamisi tumbo. Siku nyingine tumbo halipo.

Huyu mtoto kaja Januari. Mama yake alifariki mwaka jana. Baba anakata miwa kule tambarare, kaona amlete huku kwa shangazi yake asome kwenye baridi. Si Wachagga, wametoka Singida. Simlazimishi. Nimemwachia filimbi anishikie.

Alhamisi, 6 Februari

Gogo juu ya mfongo. Maji ya mfereji wetu yanafika kwenye vifundo tu, lakini ukiwa juu ya gogo unaona kama mto. Sheria: mnavuka wawili, mmeshikana mikono, mkiachiana mnarudi mwanzo.

Hakuna aliyetaka kumshika Glory. Wanamwita Miwa. "Miwa, shika kamba, sisi mikono yetu inanata!" Wakacheka. Nilikasirika. Nikabadilisha mchezo palepale: kamba moja, darasa zima mnavuka, wa mwisho akianguka wote mnarudi. Wa mwisho nikamweka Glory. Walirudi mara nne. Ya tano Haika akaacha nafasi yake ya mbele, akaja nyuma, akamshika mkono bila kumtazama usoni.

Wakavuka.

Nimemshukuru Mungu kwa mkono ule.

Jumanne, 11 Februari

Nimeaibika. Kikao cha walimu. Mchungaji wetu mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, alipita juzi njia ya bombani akawakuta watoto wangu na ndoo. Hakuna aliyesimama. Mmoja akamwambia, "Mambo, babu?"

Mwalimu Mkuu kasema mbele ya wote: "Darasa la sita wanafundishwa kuruka. Adabu watafundishwa na nani?" Walimu wakacheka, hata wale wa rika langu. Mzee yule ndiye aliyenipa kipaimara. Ndiye aliyemzika mume wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Nina miaka hamsini na mbili, cheti cha ualimu daraja la tatu, na bado mtu ananisema kama nimemwaga maziwa.

Ijumaa, 14 Februari

Wiki hii nzima zoezi moja. Nikisema "Mgeni!", uwe una ndoo, ufagio, mpira, chochote, weka chini, simama wima, salimia. Mikono mitupu. Mama yangu alitulea hivyo, mkubwa hasalimiwi huku umeshika kitu. Nimewafanyisha asubuhi, nimewafanyisha mapumziko. Niliwaotea wakiwa wanakula uji. Vikombe chini, "Shikamoo mwalimu!", sauti moja kama kwaya.

Wamekuwa wepesi ajabu. Mwalimu Mkuu mwenyewe kajaribu leo kwa kutokea nyuma ya jiko. Hakupata hata mmoja aliyechelewa. Kanitikisia kichwa.

Nimetembea kwenda nyumbani nikiwa na furaha. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 17 Februari

Leo tumeanza kuanguka. Ndilo zoezi nililolisubiri tangu semina.

Wadakaji wanane, wanne huku wanne kule, wanatazamana, mikono wameinyoosha, wako wangu wako wangu, kama zipu. Mtu anasimama mbele yao kawapa mgongo, mikono kaifunga kifuani. Anauliza, "Mko tayari?" Wanajibu, "Tuko tayari!" Anasema, "Naanguka!" Wanajibu, "Anguka!" Hapo ndipo anajiachia. Bila yale maneno manne hakuna kuanguka. Magunia chini siku zote. Kwanza kutoka ardhini. Kutoka kwenye kisiki ni mpaka kila mmoja awe amedakwa mara tatu.

Haika wa kwanza. Kaanguka amekaza mwili kama ubao. Walipomdaka akapiga ukelele, "Jamani, mikono yenu ina joto!"

Glory tumbo.

Alhamisi, 20 Februari

Kajaribu. Kasimama, kafunga mikono, kauliza, wakajibu. Kisha akageuka akatoka. Darasa wakaguna. Nikawatolea jicho.

Baada ya kengele kanifuata mpaka kwenye mti wa filimbi, nauita hivyo kwa kuwa ndipo ninapoitundika.

"Madam, wakichoka?"

"Hawachoki. Wewe ni mwepesi."

"Wakinisahau?"

Nikamwambia hawawezi kukusahau, utakuwa mikononi mwao. Nikamwambia mimi nitakuwepo. Kaitafakari. Kaondoka na ile filimbi mfukoni, ikabidi nimwite.

Usiku wa mazishi ya mama yake, alinihadithia shangazi yake, mtoto huyu alisahaulika kwa jirani mpaka kesho yake mchana. Kila mtu alidhani yuko na mwingine.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua. Tumekaa darasani. Nimewafundisha kufunga mkono uliovunjika kwa rula na kitenge, na kumbeba mgonjwa wawili kwa kiti cha mikono. Wakabebana mpaka chaki zikamwagika.

Wamembeba Glory. Haika na mwingine. Kacheka kidogo, kaficha meno.

Jumatatu, 3 Machi

Kaanguka!

Bwana asifiwe. Kasimama chini, kafunga macho, kauliza kwa sauti kama ya mbu. "Mko tayari?" Wakajibu mpaka kahawa ya jirani ikatikisika. Kajiachia. Wakamdaka. Kakaa pale mikononi, macho bado kafumba, hataki kushuka. "Miwa, shuka basi, unatuzeesha!" Na lile jina halikuwa lile la Februari. Kafumbua macho kacheka sauti yote. Sikujua ana sauti.

Kaomba tena. Na tena. Tatu zake zimetimia siku moja.

Mimi nimekwenda nyuma ya vyoo nikalia. Mtu mzima. Halafu nikanawa nikarudi kupuliza filimbi.

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Nimeahidi mbele za Mungu kuacha majivuno. Sukari nayo, kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Glory ameumia. Mkono wa kulia, kwenye kiwiko.

Eee Bwana.

Siwezi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike, nisije nikaanza kukumbuka vingine.

Kipindi cha saba. Anga safi. Glory juu ya kisiki, kinafika kiunoni mwangu. Magunia chini. Wadakaji wanane, Haika wa kwanza mkono wa kushoto. Mimi pembeni. "Mko tayari?" "Tuko tayari!" "Naanguka!" "Anguka!"

Nikainua macho, nikamwona mzee mchungaji anaingia kwa njia ya chini, fimbo mkononi, kofia kichwani. Nikakumbuka kikao. Nikakumbuka kicheko cha walimu. Nikasema, "Mgeni!"

Neno moja tu. Lilitoka lenyewe.

Wakafanya nilivyowafundisha. Mikono kumi na sita ikashuka. Weka chini, simama wima, salimia. "Shikamoo mchungaji!" Sauti moja. Na Glory akapita katikati yao. Gunia lilimpokea mgongo, mkono ukaingia kati ya gunia na gunia. Nilisikia. Naendelea kusikia.

Hakulia mara moja. Aliwatazama waliokuwa wamesimama juu yake mikono ubavuni. Kila mmoja wao.

Nilimfunga kwa rula na kitenge changu. Haika alinishikia fundo. Mzee akatoa gari lake, tukashuka naye hospitali mjini.

Jioni Mwalimu Mkuu kaniuliza, "Ilikuwaje?" Nikasema, "Watoto walishusha mikono."

Ni kweli. Walishusha. Hakuniuliza kwa nini, na mimi sikuongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Sijaenda mazoezi ya kwaya. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Nimekaa nyuma. Mzee mchungaji kanishika mikono yote miwili pale mlangoni. Siku hizi masikio yake ni mazito, anasema kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia.

"Pole, mwanangu. Lakini nikupe hongera. Watoto wako sasa wana adabu. Hata katika tabu ile, wote walinisalimia!"

Nikasema asante.

Nimesema asante. Mungu wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mstarini Mwalimu Mkuu kawatoa wale wanane mbele. Kasema uzembe. Kasema kuna watoto wasio na upendo kwa mgeni aliyetoka mbali. Kamwambia Haika afungue beji ya ukiranja, aiweke mezani. Vidole vyake vilishindwa na ile pini, ikabidi mwalimu wa zamu amsaidie.

Wote wanane walikuwa wananitazama mimi. Hawakunitazama kwa ubaya. Walisubiri niseme.

Niliangalia bendera.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda hospitali. Nimepeleka mtori kwenye chupa ya chai, na maparachichi. Glory kafungwa hogo, ile plasta ngumu, toka begani. Daktari anasema kiwiko kimevunjika vibaya, wamemtia vyuma, huenda mkono usinyooke wote.

Baba yake yuko pale. Kijana bado, viganja vyake vimepasuka kwa panga la miwa. Kaniinukia, "Shikamoo mwalimu." Kanishukuru. Eti kwa kumfunga mtoto vizuri. Daktari kamwambia aliyefunga ule mkono anajua kazi.

Halafu kasema polepole, kama anayeogopa kunikosea: "Mwalimu, watoto wa huko hawampendi mwanangu. Walimwita Miwa. Walimsubiri apande juu, wakamwachia."

Nikataka kusema siyo. Glory akanitangulia. Alikuwa anatazama ukuta.

"Madam, walisema tuko tayari."

Basi. Hilo tu.

Nimetoka bila kusema. Nimesahau chupa ya chai. Najua sasa kitu ninachokishikilia. Si kazi yangu tu, wala jina langu. Kule kitandani kuna mtoto anayeamini kuwa wenzake wanane walipanga kumwangusha. Mtu mmoja tu mzima anajua kuwa siyo, na huyo mtu kaondoka akaacha chupa.

Alhamisi, 13 Machi

Michezo imesimamishwa. Kipindi cha saba wanafagia.

Haika kabaki nyuma akijifanya anapanga fagio. Mama yake kanipitia jana, anasema mtoto hali, haongei, akisalimiwa anaruka. Nikamwambia Haika nenda nyumbani. Hakwenda.

"Madam, si ulisema tuweke chini kila kitu?"

Hakunisuta. Aliuliza kama wanavyouliza hesabu, ili ajue alipokosea.

Nikamwambia nenda nyumbani, mwanangu. Mara ya pili. Kaenda.

Mchana mzima nimejisikia kama mtu aliyelala sakafuni. Nasali, maneno hayapandi.

Jumapili, 16 Machi

Sikupokea chakula cha Bwana. Mama mmoja wa kwaya kauliza, "Aikande, unaumwa?" Nikasema tumbo.

Tumbo. Nilipojisikia nikisema hivyo nikamkumbuka Glory kwenye lile jiwe, soksi magotini. Nikatoka kabla ya baraka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Mwalimu Mkuu. Nimesimama, sikukaa. Nimesema ni mimi niliyeita "Mgeni".

Kafunga mlango. Kasema, "Mwalimu, mambo yameshapoa. Mzazi halalamiki. Ukilifukua hili litafika wilayani, na umebakiza miaka michache ustaafu. Watoto husahau."

Nikamwambia Glory hasahau.

"Unataka nini sasa?"

Nikamwambia naomba kusema mstarini kesho. Kasema yeye hajaniruhusu. Kisha kasema hatakuwepo kesho asubuhi, ana safari ya kwenda mji wa Mkuu. Tukaangaliana. Nimemfahamu. Si mtu mbaya, naye anaogopa kama mimi.

Jumanne, 18 Machi

Nimesema.

Ukungu ulikuwa umeshuka, mstari wa darasa la saba sikuuona vizuri. Nilipanga maneno mengi, yakatoka machache. Kwamba wale wanane hawakumwachia Glory. Kwamba walikuwa tayari kweli. Kwamba mimi mwalimu wao niliwaita, nao wakatii, na kutii si kosa lao. Kwamba waliadhibiwa nikiwa nimesimama hapahapa na nikanyamaza. Nikawaomba radhi.

Kuku wa mpishi akapita katikati.

Nikampa Haika beji yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyotakiwa. Hakuivaa. Kaitia mfukoni.

Darasani wakaniuliza kitu kimoja tu. "Madam, Miwa anajua?"

Nikasema bado.

Jumatano, 19 Machi

Barua ya kujieleza. Nimeandika ukurasa mmoja, wazi. Kusimamia michezo nimevuliwa mpaka watakapoamua. Walimu wawili hawaniitikii. Mmoja kaniachia ndizi mbivu mezani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kwa mzee mchungaji. Nilisema karibu na sikio lake, kwa sauti, nyumba nzima ikasikia. Heri.

Kavua miwani kaipangusa. Muda mrefu kaipangusa.

"Kumbe salamu ile ililipwa kwa mkono wa mtoto," kasema.

Nikamwambia wewe hukukosa, ulipita tu. Kasema hata hivyo hataipita ile njia tena kabla hajamwona yule mtoto. Tukasali. Yeye ndiye aliyelia, mimi nilikuwa nimekauka.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeshuka tambarare kuwatafuta. Shangazi yake kaniambia baba alimtoa hospitali moja kwa moja, hakumpandisha tena mlimani, hata nguo zake alizifuata mwenyewe.

Kabla ya kutoka nilikata jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Mimi ni Mkristo, sitambiki. Lakini kwetu ukimkosea mtu, unamwendea na jani la isale mkononi, na akiliona anajua umekuja kuomba msamaha wa kweli, na ni vigumu sana kukukatalia. Mama yangu alimpelekea shemeji yake. Nilitaka kushika kitu ambacho kinasema kabla yangu.

Joto. Miwa pande zote, huoni mwisho. Nimeuliza kambi hadi kambi mpaka nikampata baba Glory, katoka kazini, masizi mpaka kwenye kope. Nikamnyooshea lile jani.

Kalipokea kwa adabu. Kaligeuza. "Mwalimu, hii ni dawa? Inachemshwa?"

Angejuaje. Kwao halipo. Nimebeba msamaha wa kwetu kumpelekea mtu ambaye kwake ni jani tu.

Ikanibidi kusema kwa mdomo. Nimesema yote, palepale njiani, wenzake wakipita na mapanga. Nimemwambia wale watoto hawakumchukia. Nimemwambia niliogopa kuchekwa na walimu, ndiyo maana niliita. Nimemwambia alinishukuru hospitalini na mimi nikazipokea zile shukrani.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Kachuchumaa, kalitazama lile jani.

"Nimeshampeleka Singida kwa bibi yake. Wiki iliyopita. Huku hapataki tena, mwalimu. Akisikia watoto wanaimba tu anaziba masikio."

Mkono je?

"Unakunjika. Kunyooka, nusu."

Kasimama. Kasema, "Andika hayo uliyosema. Mimi nikimwambia, atadhani namtuliza." Kasema kuna mwenzao atakwenda huko Pasaka, ataibeba barua mkononi. Kisha akanirudishia jani. Kasema, "Liweke ndani. Umweleze lenyewe ni la nini, maana mimi sitaweza."

Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimechana karatasi saba. Ninamweleza sana, halafu naona najitetea. Nafuta.

Watoto wamesikia ninaandika. Haika kaja na wale wengine saba, wanataka kuweka majina yao chini. Nikawaambia hapana, hii ni yangu peke yangu, ninyi andikeni ya kwenu. Wameandika. Sijaisoma. Wameifunga kwa gundi nyingi mno, na nje wameandika jina lake lote, Glory, bila lile jingine.

Haika kavaa beji.

Jumatatu, 7 Aprili

Masika kamili. Magunia yamelowa, yameanza kuota uyoga, nimeyamwaga kwenye migomba. Kisiki kimebaki. Kipindi cha saba mwalimu mpya wa michezo kawachezesha rede wasichana, mpira wavulana. Wanapenda. Nimekaa darasani nasahihisha Maarifa ya Jamii, filimbi yake naisikia.

Mzee mchungaji alipita njia ya juu, ile ndefu, na fimbo yake kwenye matope. Watoto walimwona. Walimaliza kwanza kurusha mpira, ndipo wakamsalimia. Akainua kofia.

Barua imeondoka leo. Naiandika hapa kama ilivyo, nisije nikajidanganya baadaye kuwa nilisema vizuri zaidi.

*Mpendwa Glory,*

*Bwana Yesu asifiwe. Hujambo, mwanangu? Mkono unaendeleaje, na bibi hajambo? Mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, huku mvua ni nyingi.*

*Nina neno moja. Siku ile wenzako walikuwa tayari kweli. Mikono yao ilikuwa imenyooka na walikuwa wanakungoja. Mimi ndiye niliyewaita wamsalimie mgeni, nikiwa nimekusahau. Uliniuliza wakinisahau itakuwaje, nikakuahidi. Aliyekusahau ni mimi, si wao. Halafu nikakaa siku nyingi bila kusema, na wewe ukalala na mawazo yale peke yako. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. Nisamehe.*

*Jani lililomo humu ni isale. Kwetu mtu akikupa hili anakuomba msamaha. Si lazima unipe. Mama yangu angesema ni lazima, lakini wewe ni mtoto na ulivunjika mkono, kwa hiyo nakuambia mimi, si lazima.*

*Haika na wenzake wamekuandikia yao. Isome hata kama hii yangu utaitupa.*

*Naomba unijibu mapema, hata mistari miwili, nijue unalala vizuri. Andika kwa mkono wowote.*

*Mwalimu wako,*
*Aikande*